Namba 400 za Mario: Ni Sekunde au Si Sekunde?

Mhariri aliponiomba makala ya jarida la mwaka huu, alitarajia niandike tena juu ya ngeli kama nilivyofanya mwaka jana. Aniwie radhi. Mwaka huu naandika juu ya gemu. Najua kuna mwalimu ambaye tayari amekunja uso, lakini namsihi asifungue ukurasa mwingine, kwa kuwa habari yenyewe inamhusu mtoto aliyeitwa mwizi, na aliyemfanya aitwe hivyo ni mimi.

Hapa kwetu Kibomet, nje kidogo ya mji wa Kitale, kuna kibanda cha mabati ambamo watoto hucheza gemu kwa malipo. Si zile gemu mpya za magari na kandanda. Ni mashine ya zamani, iliyoigwa kutoka kwa ile ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Ina kaseti za manjano na padi mbili, moja ikiwa na kifungo kilicholegea, na imeunganishwa kwa waya na televisheni yenye mgongo mkubwa kama gunia. Mchezo unaopendwa zaidi humo ni Super Mario Bros., uliotolewa Japani mwezi Septemba 1985.

Kwa wewe ambaye hujauona, kuna jamaa mfupi mwenye masharubu anayekimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Anaruka mashimo, anakanyaga viuyoga vyenye miguu, hadi afike kwenye mlingoti wa bendera. Juu ya kioo, upande wa kulia, kuna namba. Huanza 400, halafu 399, 398, ikishuka hivyo hivyo, na juu yake pameandikwa kwa Kiingereza neno lenye maana ya wakati. Namba hiyo ikifika sifuri kabla hujaifikia bendera, Mario anakufa.

Sheria ya kibanda ni nyepesi. Shilingi kumi ni zamu moja. Ukifa, zamu imeisha. Ukifika kwenye bendera, imeisha. Namba ikifika sifuri, imeisha vilevile na unampa mwingine padi.

Basi likizo iliyopita, alasiri moja, Mama alimpa kitinda mimba wetu, aliye Gredi ya 3, shilingi arobaini akacheze. Alitoka nyumbani saa kumi kamili. Saa kumi na dakika ishirini akawa amerudi, mikono mitupu.

"Shilingi arobaini zimeisha?" Mama akauliza.

"Zimeisha, Mama. Nimecheza zamu nne."

"Ulikufa mara nne haraka hivyo?"

"Sikufa kwa shimo ata mara moja. Namba ndiyo ilinimaliza. Zote nne."

Hilo nililiamini, maana namjua. Anaviogopa vile viuyoga. Husimama mahali pamoja akimrusha Mario juu na chini hadi wakati unakwisha. Lakini Mama alinigeukia, akaniambia, "Wewe wa Kidato cha Tatu, hebu piga hesabu hapa."

Nikapiga. Namba 400 mara nne ni 1,600. Sekunde 1,600 ni dakika 26 na sekunde 40. Kutembea hadi kibandani ni dakika tatu, na kurudi tatu. Jumla karibu dakika 33. Yeye alikuwa amekaa dakika 20 tu. Kulikosekana karibu dakika 13, ambazo ni kama zamu mbili, yaani shilingi ishirini. Hesabu ilikubali vizuri mno! Nikasema, tena kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mama, amecheza zamu mbili. Zingine amekula mandazi."

Kijana akaapa haki ya Mungu, akalia, haikumsaidia. Alipigwa marufuku kukanyaga kibandani likizo nzima. Kilichoniuma zaidi ni siku ya pili, shangazi alipokuja kututembelea na Mama akamwambia kwa mzaha, mtoto mwenyewe akisikia, kwamba huyu siku hizi ana mkono mrefu. Usiku ule aliniambia kitandani, "Dada, ile namba si kama ya saa ya ukuta. Inakimbia." Nikamwambia alale. Lakini mimi mwenyewe sikulala. Nilianza kujiuliza: ni nani aliyeniambia kwamba namba 400 ni sekunde 400? Hakuna. Niliona neno la wakati, nikajijazia sekunde mwenyewe.

Nilikuwa na shilingi sitini zilizobaki kwenye nauli ya kufunga shule. Hizo ni zamu sita, na kila zamu ilibidi ijibu swali. Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa bado hawajafika, nikaenda kibandani na simu yenye saa ya kupimia mbio.

Zamu ya kwanza niliitupa bure. Nilimwacha Mario amesimama, nikawa napima namba kumi kumi, jicho moja kwa simu na jingine kwa televisheni. Mara ya kwanza nikapata sekunde 4.3, ya pili 5.4, ya tatu 4.6. Hayo ni majibu gani? Hapo nikamkumbuka Mama. Yeye ni muuguzi, na aliwahi kutueleza kwamba ukitaka kujua mapigo ya moyo ya mgonjwa kwa uhakika, hesabu kwa dakika nzima. Ukihesabu kwa sekunde chache kisha ukazidisha, kosa lako dogo unalizidisha pia. Kidole changu huchelewa kidogo kila ninapobonyeza, labda robo ya sekunde. Nikipima namba kumi, robo hiyo ni kubwa. Nikipima namba 400, ni kama tone katika ndoo.

Zamu ya pili nikamwomba mwenye kibanda anisaidie. Yeye atazame kioo na kupaza sauti "Sasa!" kila namba ifikapo mia, mimi nitazame simu tu. Alinitazama kwa wasiwasi.

"Unapima nini? Mimi hii mashine nilinunua hivyo, sijagusa kitu ndani."

"Si wewe, Anko. Napima Mario."

Kutoka 400 hadi 300 ilichukua sekunde 47.8. Kutoka 300 hadi 200, sekunde 48.1. Kutoka 200 hadi 100, sekunde 47.9. Kutoka 100 hadi sifuri, sekunde 48.1. Jumla 191.9.

Niliyaandika hayo kwenye daftari na mkono ukitetemeka. Namba mia moja zilikuwa zinaisha kwa sekunde 48, wala si 100! Zamu nzima ya 400 ni kama sekunde 192, yaani dakika 3 na sekunde 12.

Tena angalia ile mia ya mwisho. Kila mtoto wa Kibomet atakuapia kwamba namba ikifika 100 huanza kukimbia. Kisa ni muziki. Ikifika hapo, muziki wa mchezo huharakishwa, na mchezaji naye moyo unamwenda mbio. Saa yenyewe haibadiliki hata kidogo. Ni masikio yanayotudanganya. Mwenye kibanda alibishana nami sana juu ya hilo, hata tulipokuwa tumelipima pamoja.

Lakini sikutaka kushangilia mapema. Je, kama saa hutembea tofauti Mario anapokimbia? Sisi wa Trans Nzoia hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa jinsi ya kujaribu kitu. Ni hapa Kitale ambapo watafiti walizalisha mahindi ya H611, yaliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mtafiti wa mahindi akitaka kujua kama mbegu mpya inashinda ya zamani, hapandi moja penye mbolea na nyingine pasipo na mbolea. Hubadilisha mbegu, mengine yote yabaki sawa. Nami nikaamua kubadilisha jambo moja moja.

Zamu ya tatu, mwenye kibanda akacheza yeye, akimkimbiza Mario mbele na nyuma bila kula uyoga wala kukanyaga chochote. Namba hamsini, kutoka 390 hadi 340, zikachukua sekunde 24.0. Ni kiwango kile kile: kukimbia hakubadilishi kitu. Zamu ya nne akasimamisha mchezo kwa kifungo, na saa nayo ikasimama kabisa, ikaendelea pale pale ilipoachia. Kisha, katika zamu hiyo hiyo, akala ule uyoga mzuri unaomfanya Mario awe mkubwa. Safari hii namba hamsini zikachukua sekunde 25.2. Kumbe Mario anapokua, kila kitu kwenye kioo huganda kwa muda wa sekunde moja hivi, na saa huganda nacho! Mwenye kibanda amecheza mchezo huu miaka mingi kuliko umri wangu, na hakuwahi kuliona hilo.

Zamu ya tano nilirudia kumsimamisha Mario tangu mwanzo. Sekunde 192.1. Ya sita sikuicheza, niliiweka kwa ajili ya Mama.

Sasa rudi kwenye hesabu iliyomtia mtoto hatiani. Zamu nne mara sekunde 192 ni sekunde 768, yaani dakika 12 na sekunde 48. Ongeza dakika sita za kutembea, unapata karibu dakika 19. Ongeza muda mdogo wa kuanza upya kila zamu, unafika dakika 20. Alitoka saa kumi kamili, akarudi saa kumi na ishirini. Mtoto alikuwa amesema kweli neno kwa neno, na mimi nilikuwa nimemshtaki kwa hesabu isiyo na kosa lolote isipokuwa mahali ilipoanzia.

Mama hakuyakubali maneno yangu hivi hivi. "Wewe juzi ulisema vile, leo unasema hivi," akaniambia. Jioni akajifunga leso, akatoka na ile saa yake ya kazini inayoning'inia kifuani, tukaenda naye. Watoto wakampisha. Mwenye kibanda akamfutia kiti. Mama akaweka vidole viwili juu ya kingo ya meza, nadhani bila kujua, kama mtu anayeshika kifundo cha mkono cha mgonjwa, akatazama saa na kioo hadi namba ikatoka 400 ikafika 300. Akanyamaza. Akasubiri hadi 200. Halafu akasema, "Inapiga haraka," akasimama, tukarudi nyumbani. Hakuniambia lolote njiani. Alipofika alimwita mdogo wangu jikoni na kufunga mlango. Walichozungumza sikukisikia, wala sikuuliza.

Bado swali moja lilinikera: mbona 48? Mbona isiwe 50, au 60, au 100 kama watu?

Jibu nilianza kulipata Bungoma, tulipokwenda kwa binamu yangu juma lililofuata. Yeye ana mchezo huo huo ndani ya simu. Nikaupima kwa njia ile ile, yeye akipaza sauti, mimi na saa. Namba mia moja zikaisha kwa sekunde 40. Nikarudia mara tatu, 40 tu. Mwanzoni nilikata tamaa, nikidhani kazi yangu yote ya Kibomet imeharibika. Kisha nikaziweka namba mbili pamoja. 48 kwa 40 ni sawa na 6 kwa 5. Shule zilipofunguliwa nikampelekea mwalimu wetu wa kompyuta daftari, akacheka, akasema, "Hiyo ni 60 kwa 50, binti. Uliza televisheni."

Maelezo yake ni haya. Picha ya mchezo haitembei kweli. Mashine huchora picha moja, kisha nyingine iliyosogea kidogo, nyingi kila sekunde, na macho yetu huziunganisha. Marekani na Japani, televisheni zilizotumika wakati ule zilichorwa kama mara 60 kwa sekunde. Huku kwetu tulifuata mtindo wa PAL kutoka Ulaya, ambao huchora mara 50. Idadi hizo zilitokana na umeme wenyewe: Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, na Uingereza, kama hapa Kenya, hupiga mara 50.

Sasa, Mario hana saa ya sekunde ndani yake. Anachokihesabu ni picha. Watu waliofungua programu ya mchezo huo na kusoma amri zake mstari kwa mstari wamekuta kwamba namba hupunguzwa moja kila baada ya picha 24. Gawanya 24 kwa 60, unapata 0.4 ya sekunde, na namba mia ni sekunde 40: ndiyo simu ya Bungoma. Gawanya 24 kwa 50, unapata 0.48, na namba mia ni sekunde 48: ndiyo mashine ya Kibomet. Ina maana pia kwamba watoto wa Kibomet wanamwona Mario akikimbia polepole kuliko wale wa Marekani walivyomwona, na muziki wake unavuta kidogo. Sisi tulidhani ndivyo alivyo.

Nilipojua hivyo nikapata hamu ya mengine. Kuna zile fataki zinazolipuka juu ya ngome ukifika kwenye bendera. Siku nyingine hulipuka, siku nyingine hakuna. Vijana wakubwa wa kibandani husema ni zawadi ya kurukia juu kabisa ya mlingoti. Mimi na mdogo wangu, ambaye marufuku yake ilikuwa imeondolewa, tulikaa na daftari tukitazama wenzetu wakicheza, maana kutazama hakulipishwi. Kila mtu alipofika tuliandika mambo mawili: alishika mlingoti juu au chini, na namba ilisimama ngapi. Baada ya mara thelathini jibu lilikuwa wazi. Urefu hauhusiki na fataki. Huo huongeza alama tu. Kinachotazamwa ni tarakimu ya mwisho ya ile namba. Ikiwa 1, hulipuka fataki moja. Ikiwa 3, tatu. Ikiwa 6, sita. Tarakimu nyingine yoyote, hupati kitu. Yaani aliyefika ikiwa 243 anapata fataki tatu, na aliyefika ikiwa 244, amewahi zaidi, anakosa. Kijana mmoja aliyekuwa akijisifu kwa mruko wake hakuongea nasi siku mbili.

Kuna fumbo jingine ambalo sisi hatukuweza kulipima kwa simu, ila nalitaja kwa sababu ni tamu. Wako watu duniani wanaoshindana kuumaliza mchezo huu haraka iwezekanavyo. Mwaka 2021 mchezaji mmoja anayejulikana kwa jina la Niftski aliumaliza kwa muda uliopungua dakika 4 na sekunde 55. Wachezaji hao waligundua kwamba katika hatua nyingi, ukishaimaliza, mchezo haukuruhusu kuendelea papo hapo. Hukuachilia kila baada ya picha 21 tu, yaani kama theluthi moja ya sekunde. Ni kama basi la usiku la kwenda Nairobi lenye saa yake ya kuondoka. Ukifika stendi mapema sana au dakika moja kabla, mtaondoka pamoja. Ukichelewa kidogo, ungoje jingine. (Si kama matatu zetu za Kapenguria ambazo husubiri zijae.) Kwa hiyo mchezaji anaweza kuruka vizuri kuliko jana na asipate faida yoyote, mpaka afikie lile basi la mbele. Hebu fikiria wangapi walidhani hawaboreki, na kumbe walikuwa wanangoja stendi.

Mwenye kibanda naye ameandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni na kukitundika mlangoni: "Zamu 1, sh. 10, dakika 3." Nilimuuliza zile sekunde 12 amezipeleka wapi, akasema hizo ni za mteja, asante kwa kuja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Mama alimpa mdogo wangu shilingi arobaini nyingine, bila kumuuliza chochote. Alitoka saa kumi kamili. Saa kumi na dakika kumi na tatu alikuwa mlangoni, midomo inang'aa mafuta, akituambia kwamba zamu zote nne zilikuwa nzuri sana. Mama akanitazama. Mimi nikainuka, nikaenda kuanika nguo.